Mpe Kiboko Anachostahili

Paukwa, wenzangu.

Pakawa, mwenzetu.

Nina hadithi, ila haina chumvi.

Itie chumvi.

Na nikitia ikazidi?

Tutakunywa maji.

Basi shikeni vikombe, maana hadithi yenyewe ni ya maji.

Hapo kale, wanyama walipokuwa bado wanaamkiana asubuhi, kiangazi kiliingia kikakataa kutoka. Mito ikakauka. Visima vikakauka. Hata matope yakakauka, yakapasuka kama visigino. Likabaki bwawa moja tu, na katikati ya bwawa hilo akabaki Kiboko.

Bwawa halikuwa lake. Lakini Kiboko alikuwa na mwili mkubwa, na mdomo mkubwa kuliko mwili, na tumbo kubwa kuliko mdomo. Akajitupa katikati ya maji, chubwi, akasema kuanzia leo bwawa hili ni langu. Nani angembishia? Nyasi za kando alikuwa amezimaliza, na za mbali aliona uvivu kuzifuata. Kwa hiyo akaweka sharti: anayetaka maji alete mzigo wa majani mabichi, mzito kuliko yeye mwenyewe.

Wanyama wakasikia, wakatazamana. Majani mabichi wangeyatoa wapi kiangazi kile? Na nani anabeba mzigo mzito kuliko yeye mwenyewe? Wakarudi kulamba umande. Watoto wao wakaanza kulala mchana na kuamka kwa shida.

Kiboko akangoja. Hakuja mtu. Akatoa masikio nje ya maji, akayachezesha, pwa, pwa. Hakuja mtu. Jambo hilo lilimshinda kabisa. Maji anayo yeye, kiu wanayo wao, sasa tatizo liko wapi? Akafikiri. Akafikiri mpaka maji yakatoa mapovu. Hakupata kitu.

Mwisho akaamua kwamba tatizo ni maneno. Sharti lake ni zuri, ila halijatangazwa vizuri. Anatakiwa mtunga tangazo. Lakini mtunga tangazo mzuri unamjuaje? Ukichagua boga unaligonga. Ukichagua samaki unamfunua shavu. Mtunga tangazo unamgonga wapi?

Akaona labda ni sauti. Akamwita Punda.

Punda akaja mbio, akasema kazi hiyo alizaliwa nayo. Hakuuliza tangazo ni la nini. Hakuuliza linawahusu nani. Kiboko akaona huyu ndiye. Punda akapanda juu ya kichuguu, akavuta pumzi mpaka mbavu zikahesabika, akaachia.

"Hiiihooo! Maji! Kiboko! Maji! Kiboko!"

Wanyama waliokuwa kivulini wakasikia maji, wakasikia Kiboko, wakajua Kiboko ametoka majini na anakuja. Wakatimka, tim, tim, tim. Waliokuwa karibu na bwawa wakawa mbali, na waliokuwa mbali wakahamia nyuma ya kilima. Punda naye alipoona watu wanakimbia akaogopa, akakimbia pamoja nao.

Kiboko akabaki anatazama vumbi. Kila mtu amesikia, na hakuna aliyekuja. Akafikiri mpaka maji yakatoa mapovu. Hakupata kitu.

Akaona labda si sauti, labda ni urefu. Akamwita Korongo.

Korongo ana shingo ndefu na maneno marefu kuliko shingo. Naye hakuuliza kitu. Alifumba macho, akasimama kwa mguu mmoja, akaanza. Kiboko mkarimu. Kiboko mpole. Kiboko nguzo ya nyika, mlezi wa yatima, ambaye pengo lake halitazibika. Alianza jua likiwa upande huu, akamaliza jua likiwa upande ule. Kiboko akatokwa na machozi. Hakujua kwamba yeye ni mwema kiasi hicho. Akaona huyu ndiye. Akamtuma azunguke nyika nzima akiyasema hayo.

Wanyama wakasikiliza mpaka mwisho. Kisha wakaulizana, jamani, huyu si amekufa? Maana husifiwi hivyo ukiwa hai. Wakachangishana vijani vichache vya matanga, wakaja bwawani. Walikuja wengi, na kusema kweli walikuja wachangamfu. Ngiri alikuwa mbele, ameshika majani mdomoni. Akafika ukingoni, akamkuta marehemu amepanua mdomo kwa furaha.

"Mzee," akasema Ngiri, "kumbe upo."

"Nipo."

"Basi, pole."

Hakueleza ni pole ya nani. Wakageuka wote, wakarudi na majani yao.

Kiboko akaona kizunguzungu. Walikuwa wamekuja. Majani walikuwa nayo. Yeye alikuwepo. Sasa hapo kimeharibika nini?

Huko kwenye majani makavu, nyuma ya bwawa, aliishi Sange. Sange ni mnyama mdogo kama panya, ila pua yake ni ndefu na haitulii, inanusa huku, inanusa kule. Alikuwa na watoto watatu, na yule mdogo ulimi wake ulikuwa umeganda kinywani asiweze tena kunyonya. Sange akajua kwamba asipopata maji upesi, atazika. Akatoka, nyatu nyatu, mpaka ukingoni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nani huyo anasema?"

"Huku chini. Mimi Sange. Nimesikia unatafuta mtunga tangazo."

Kiboko akacheka, hoh, hoh, hoh, mawimbi yakamfunika Sange mpaka masikio. Huyu hana sauti. Hana shingo. Ana pua tu. Akamwambia haya, jisifu nikusikie. Sange akajibu kwamba sifa hana, ana maswali. Akaanza kuuliza. Maji haya asubuhi yakoje? Na jioni? Wale wasiokuja, wanaogopa njia, au wanaogopa mzigo, au wanakuogopa wewe? Wakifika, watanywea upande gani, ikiwa wewe umelala katikati?

Kiboko akajibu swali la kwanza. La pili akakwama. La tatu hakulipenda.

"Ngoja," akasema. "Mimi ndiye ninayekusaili wewe, au wewe ndiye unayenisaili mimi?"

"Tunasailiana, Mzee. Maji haya yana ladha gani?"

Kiboko alikuwa amelala ndani ya maji yale tangu utotoni. Hakuwahi kuulizwa. "Ya maji," akasema.

Sange akatikisa pua. Akasema kitu asichokionja yeye hakitangazi. Akainama, akaonja. Akasema ulimi wake ni mdogo, ladha imepita upesi, afadhali aite ndimi za nyumbani zimsaidie. Wakatoka watoto wa Sange, yule mdogo amebebwa mgongoni, wakaonja. Wakatoka shangazi zao, wakaonja. Wakaonja polepole na kwa makini, mpaka matumbo yakawa duara. Mdogo akalia, na mama yake alipoisikia sauti ile akageuza uso pembeni kidogo. Kiboko alikuwa anatazama tu. Aliona kazi hii ina utaalamu mwingi kuliko alivyodhani.

"Yana ladha ya mizizi," akasema Sange. "Sasa lile sharti la mzigo. Kwa nini unajipunja?"

"Mimi najipunja?"

"Ukisema mzigo, mtu ataleta mzigo. Akiwa na mizigo miwili, mmoja ataubakiza kwake. Usitaje kipimo. Sema wakupe unachostahili. Kwani wewe Mzee unastahili kidogo?"

Kiboko akajitazama kwenye maji. Akaona mwili. Akaona mdomo. Akaona tumbo. Hakuona kidogo mahali popote.

Basi Sange akamtungia tangazo, akamsomea: Maji yapo. Njoo unywe ushibe, kisha mpe Kiboko anachostahili.

Likaishia hapo. Kiboko akangoja mengine, hayakuja. Akahisi amepunjwa. Punda alimtoa jasho, Korongo alimtoa machozi, na huyu amesema maneno ya kujaza kiganja. Lakini alipotafuta neno baya ndani yake, hakuliona. Kila neno lilikuwa lake. Hata hivyo tangazo ni lake, hawezi kuliacha bila kulitia mkono. Akatafuna hewa, akapata.

"Ongeza mwishoni: na asipunguziwe hata kidogo."

Pua ya Sange ikatulia kwa mara ya kwanza siku ile. "Hilo, Mzee," akasema, "mimi nisingeliwaza."

Nyika ile ilikuwa na desturi yake. Tangazo kubwa hupigiwa pembe mbele ya watu wote, na neno likishapigiwa pembe halibadiliki mpaka mvua inyeshe. Mwenye kulibadili hunyang'anywa kitu alichokitangaza. Mpiga pembe alikuwa Tembo, na Tembo ndiye aliyenyang'anya, kwa hiyo desturi iliheshimiwa sana. Sange akamuuliza Kiboko kama kuna neno anataka kulitoa. Akamuuliza tena. Kiboko akaona kijitu hiki kina woga. Akakanyaga tope kuonyesha amekubali, bwata, na Tembo akapiga pembe, puuuu.

Walikuja. Wallahi walikuja, hata waliokuwa nyuma ya kilima. Wakanywa, gugu, gugu, gugu. Wakawanywesha watoto. Wakashiba. Kisha wakajipanga mstari kumpa Kiboko anachostahili, na Kiboko akapanua mdomo tayari kupokea.

Wa kwanza alikuwa Nyani. Alijifuta midomo, akakaa juu ya jiwe.

"Mzee, unachostahili ninacho kingi," akasema, "sijui nianzie wapi."

Akaanzia kwenye meno. Kutoka kwenye meno akaja kwenye uchoyo, kutoka kwenye uchoyo akashuka kwenye harufu. Alipomaliza aliwauliza wenzake kama amesahau kitu, akakumbushwa masikio. Akaja Pundamilia, akampa kisogo. Akaja Twiga, akamtazama kutoka juu, muda mrefu, bila kusema neno, akaondoka, na hilo lilimuuma Kiboko kuliko meno. Akaja Tembo, akavuta maji kwenye mkonga, akamrudishia usoni, pwaaa.

Akaja Kobe. Kobe alikuwa na shangazi aliyekanyagwa na Kiboko miaka ya nyuma, na akalieleza jambo lile tangu asubuhi ya siku ile, jinsi shangazi alivyoamka, alichokula, aliyekutana naye njiani. Jua likazama shangazi hajafika bwawani. Kobe akaomba radhi, akasema atarudi kesho, maana tangazo limesema asipunguziwe hata kidogo.

Kila mmoja Kiboko alimuuliza majani yako wapi. Na kila mmoja akamrudishia swali, kwani unastahili majani?

Kesho yake akamwita Sange. Njaa ilikuwa inamkata, na Kobe alikuwa ameshaanza tena.

"Hawajanipa kitu."

"Wamekupa wote, Mzee. Kobe hata hajamaliza."

"Mimi nastahili majani."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu maji ni yangu."

"Alikupa nani?"

Kiboko akafikiri. Maji yakatoa mapovu. "Nilikuwa humu," akasema.

"Hata chura alikuwa humu."

Kiboko akasema basi tangazo libadilishwe. Tembo, aliyekuwa anaoga karibu, akakohoa. Kiboko akasema alikuwa anatania.

Sange akamwonea huruma kidogo, si sana. "Maneno hayabadiliki mpaka mvua," akamwambia. "Ila unachostahili hakikupigiwa pembe. Hicho unaweza kukibadili."

Kiboko akamwomba arudie. Sange akarudia. Kiboko hakuelewa. Sange akaenda kunywa maji.

Mchana ule mtoto wa Ngiri akakwama kwenye tope la ukingoni, akapiga kelele, kwii, kwii, kwii. Upande mmoja Kobe na shangazi yake, upande mwingine kwii. Kiboko akashindwa kuvumilia. Akaenda, akamsukuma yule mtoto kwa pua, akamtupa nje, puu, alimradi anyamaze. Akarudi kulala.

Alipofumbua macho, Ngiri alikuwa amesimama mbele yake na viazi pori, vimechimbuliwa sasa hivi, vina udongo.

"Hivi navyo unastahili," akasema Ngiri kwa shingo upande, akaviweka chini.

Kiboko akavila, kwacha, kwacha, huku anahesabu makosa yake. Sauti hakupiga. Sifa hakusomewa. Kipimo hakutaja. Viazi vimetoka wapi? Akafikiri sana. Kisha akatoka katikati ya bwawa, akajisogeza pembeni penye tope, bwata, bwata, na njia ya maji ikabaki wazi kwa kila mtu mpaka mvua iliponyesha. Jioni ile alionekana akiwauliza wapita njia kama kuna yeyote aliyekwama. Na kwa yule asiyekwama, alimwomba taratibu kama hawezi kukwama kidogo.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Anayeitaka aiokote, anayeikataa aiache, nitampelekea jirani.

Na fundisho lake ni hili, mlishike. Siku ukiwa na kitu cha kutangaza, mchukue mtunzi mwenye sauti kubwa na asiye na swali hata moja. Akikuuliza kitu chako kina ladha gani, mfukuze. Akitaka kuonja, mfungie mlango, yeye na wanawe. Tangazo liwe refu, likutaje kila mahali, likutoe machozi. Na hata likiwa zuri namna gani, usikubali liende bila kuongeza neno lako mwishoni, maana wewe ndiye mwenyewe.