Lango Lisilosema

Kizingiti hupimwa kwa mguu wa mgonjwa. Mmeyasikia maneno hayo leo kikaoni, vijana wangu, mkatazamana, kisha mkaniuliza yametoka wapi. Hayakutoka kwa wahenga wa zamani. Aliyeyasema nilimfahamu, na chanzo chake ni hiki.

Pale Nzega palikuwa na watu sita waliotengeneza mfumo wa kuendeshea kompyuta, wakauita Ukindu. Haukuuzwa. Aliyeutaka aliuchukua bure, akaurekebisha apendavyo. Shule nyingi zilikuwa na kompyuta kuukuu zilizokwisha kutupwa stoo, na Ukindu ulizifufua.

Mmoja wa hao sita aliitwa Shija Malonda. Yeye alishughulikia lango, yaani ule ukurasa unaotokea kompyuta inapowashwa, ukakuuliza jina na nywila kabla hujaingia. Lango la zamani lilikuwa la kijivu, limekaa kama fomu ya serikali. Shija alitumia miezi kumi na minne kutengeneza jipya, lenye picha ya kila mtumiaji na pambo la ususi wa rangi kuzunguka kingo zote. Mkewe alizoea kula peke yake. Januari alilipeleka kwenye shule moja ya sekondari lijaribiwe, na kila aliyeliona alilisifu. Mwezi wa tano kikao kingeamua ni lango lipi liwekwe kwenye kila kompyuta tangu mwanzo, bila mtumiaji kuulizwa. Watatu walikwisha kumwambia Shija kwamba wako naye.

Siku mbili kabla ya kikao alikwenda shuleni pale kukusanya maoni ya kuwasomea wenzake. Katika chumba cha walimu alimkuta Mwalimu Mihayo, aliyemfundisha historia zamani. Presha ya macho ilikuwa imempofusha mwalimu huyo miaka saba nyuma, lakini hakuacha kazi, kwa kuwa Ukindu ulimsomea kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini.

Shija alimwamkia, akaketi kando yake. Mwalimu akawasha kompyuta, kisha akageuza uso kuelekea zilikotoka sauti za wenzake, akaomba mtu amwandikie nywila. Akaitamka mbele ya wote. Lilikuwa jina la utani alilokuwa akimwita marehemu mkewe. Mwalimu wa hesabu akaliandika huku akiendelea na mazungumzo yake.

Shija aliisogelea skrini, akasikiliza. Lango la zamani lilimsomea mwalimu herufi baada ya herufi kwenye spika za masikioni. Lake halikusema neno. Alikuwa amepanga kulitia sauti baada ya kumaliza rangi, na rangi hazikuisha.

Aliuliza taratibu, akaelezwa yaliyobaki. Mwezi wa tatu mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, aliotunga Mwalimu Mihayo na kuuhifadhi humo, ulivuja. Nani aliuchukua haikujulikana; watu kumi na mmoja waliijua ile nywila. Mwalimu aliondolewa katika utungaji wa mitihani, kazi aliyoifanya miaka ishirini na sita, na hata barua ya kumwondoa alisomewa na mtu mwingine.

"Kwa nini hukuniambia, Mwalimu?" Shija aliuliza.

"Ulikuja na furaha, mwanangu. Watu wote walilisifu lango lako. Nikajiona ni mimi peke yangu ninayeshindwa nalo, nikanyamaza."

Mwalimu akaendelea, bila hasira.

"Baba yangu alikuwa mwashi. Kabla hajajenga kizingiti aliuliza, katika nyumba hii nani mgonjwa? Akiambiwa ni bibi mwenye miguu ya kuvimba, alimwita bibi mwenyewe ainue mguu kadiri awezavyo, akapima hapo. Watoto wa nyumba walicheka. Yeye aliwaambia, mzima atavuka tu. Kizingiti hupimwa kwa mguu wa mgonjwa."

Siku ya kikao Shija alisimama, akaomba lango lake lisichaguliwe. Bi Nkamba, aliyekuwa mwenyekiti, akamuuliza kama anajua anachokiomba. Akasema anajua, akawasimulia yote. Mmoja wao akasema kwamba wasioona ni wachache, na kwamba kama mwalimu hakulitaka lango lile angeweza kulibadilisha kwenye mipangilio.

"Mipangilio iko ndani," Shija akajibu. "Yeye yuko nje."

Kisha akawapa maneno ya yule mwashi, kama alivyopewa. Hakuna aliyebisha tena. Mikono mitano ilinyooshwa kulichagua lango la kijivu, na wa Shija ulikuwa wa kwanza.

Alikwenda pia kwa mkuu wa shule, akaandika barua na kuitia sahihi, akikiri kwamba lango lake ndilo lililomlazimisha mwalimu kuitoa siri yake. Mkuu aliipokea, akamsafisha mwalimu mbele ya wafanyakazi wote. Lakini utungaji ulikwisha kupewa mtu mwingine mwaka ule, na mwezi wa saba Mwalimu Mihayo alistaafu. Hakutunga mtihani mwingine. Shija alihudhuria kumuaga, akakaa nyuma kabisa, akaondoka bila kula.

Ilimchukua miaka miwili kulitengeneza upya lango lake, akaanzia na sauti. Ndilo mnalolitumia sasa. Mwalimu hakulikuta, alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Shija aliwahi kuniambia kwamba sifa alizopewa kwa lango hilo hazikumwingia moyoni, maana aliyemfunza kulijenga hakulipitia.

Basi mnapoleta kitu kipya mezani na Bi Nkamba, mzee kama alivyo sasa, akawauliza ni nani atakayeshindwa kukitumia, msidhani anawavunja moyo. Watakaovuka watavuka, na wala hawatakumbuka kwamba walivuka. Yule mmoja aliyebaki nje, naye kanyamaza kwa kuwa wengi wanasifu, ndiye wa kutafutwa kwanza. Kizingiti hupimwa kwa mguu wa mgonjwa.