Kokwa Lililotemwa

Methali zote za Kiswahili nazijua, na kila moja naijua ilikozaliwa. Haya, nimeongopa, naijua moja tu, kwa kuwa nilikuwapo. Ndiyo hiyo mliyoniuliza, wajukuu zangu: kokwa lililotemwa ndilo huota. Ilizaliwa hivi.

Mtaani kwetu alikuwako kijana, Kobelo, mtunzi wa hadithi. Hakuajiriwa na mtu. Akimaliza hadithi huipeleka gazetini; wakiipenda wanaichapa, wasipoipenda shauri yake. Walikuwa wamemkatalia mbili. Alipopeleka ya tatu, ya mganga aliyeogopa mizimu, akatuapia sisi kina mama wa barazani: “Mama zangu, hii wakiikataa, naacha kuandika, nakwenda kwa mjomba kufyatua matofali. Lakini Jumamosi itachapwa, nitawasomea!”

Wiki ile hakutulia. Anakaa, anainuka, anakwenda kwa muuza magazeti, anarudi, kama aliyekalia siafu. Ijumaa jibu likamfikia, sisi hatuna habari: haitufai.

Jumamosi tulikuwa barazani tunachambua maharage na kula zambarau, Kobelo akaja na gazeti. “Soma basi!” tukamwambia. Uso ukamshuka, lakini akafunua gazeti, akasoma. Tulicheka mpaka maharage yakamwagika! Akaishia mganga yuko mvunguni, mlango unagongwa. “Itaendelea Jumamosi ijayo.”

Ikaendelea, Jumamosi mbili zaidi. Siku za katikati tulimsikia chumbani mwake akizunguka, akijisemesha, akichana karatasi.

Jumamosi ya nne akaja macho mekundu. “Leo hakuna, mama zangu. Mhariri ameikatisha. Jumatatu naenda kwa mjomba.”

“Mhariri yupi?” nikamuuliza. “Mwanangu, mimi darasa la nne nilifika. Ukurasa unaotusomea siku zote ni wa matangazo ya saruji.”

Kobelo akalishusha gazeti. “Umejua lini?”

“Jumamosi ya kwanza. Na hawa niliwaambia siku hiyohiyo.”

“Na mkanyamaza?”

“Tuseme, halafu tusijue mlangoni yuko nani?”

Bi Sikudhani, mkubwa wetu, akatema kokwa la zambarau uani, penye miche miwili ya msimu uliopita. “Wao wameitema hadithi yako,” akasema. “Kwani haya yaliyoota hapa nani aliyapanda? Kaa, baba. Mganga ataumwa mgongo huko mvunguni.”

“Sura hiyo nimeshaiandika,” Kobelo akasema upesi. “Nimeisahau nyumbani.”

“Ongopa tena!” tukamwambia.

Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile. Akalikunja gazeti, akalikalia, akaanza kusimulia bila karatasi. Kokwa lililotemwa, wajukuu zangu, ndilo huota.