Ofisi Iliyofungwa Ghorofa ya Saba

Ndugu zangu, katikati ya jiji moja palikuwa na jengo la zamani la maofisi. Lilijengwa likiwa na madirisha mapana, lakini viyoyozi vilipoingia watu wakayaziba kwa mbao. Miaka ikapita, viyoyozi vikafa, mabomba yakaoza, joto likabaki ndani. Wapangaji wakaanza kuhama.

Mama aliyelirithi alishauriwa alibomoe. Akakataa, akasema kuta zake bado nzima. Akaleta mafundi. Juu ya paa wakaweka sola na matangi ya kukinga maji ya mvua. Mbao zikang'olewa, upepo ukaingia tena. Likabaki bomba kubwa la kushusha maji toka juu, ghorofa hadi ghorofa.

Lilipofika ghorofa ya saba likakwama. Lilitakiwa lipite ndani ya ofisi ya mzee mmoja, wakala wa bima. Mafundi wakibisha, anawajibu mlango ukiwa umefungwa kwamba ana wageni. Kila wakirudi, ana wageni. Wageni gani, ndugu zangu, na wateja wake walishamkimbia zamani? Wa ghorofa za chini wakaendelea kubeba maji kwa ndoo, na wakasema mzee yule ana roho mbaya.

Mwishowe yule mama akapanda mwenyewe, bila askari.

"Shikamoo, baba," akasema pale mlangoni. "Sikuja kukukagua. Nimekuja tufungue na dirisha lako, hewa iingie."

Kisha mlango ukafunguka.

Nyuma ya kabati kulikuwa na godoro, jiko la mafuta ya taa, na shati limeanikwa kwenye kiti. Mzee alikuwa akiishi humo tangu afiwe na mkewe na kupoteza nyumba.

"Sasa umeona, mama," akasema, macho chini. "Leo hii nitaondoka."

Mama akalitazama lile godoro. "Baba, mitambo hii mipya inataka mtu wa kuishi humu aiangalie. Nimemtafuta sijampata. Ukikubali, kuna chumba kule juu, kina bafu na kina hewa."

Mzee akakaa kitini akalia. Mchana ule bomba likapita, na watu wa chini wakafungua koki zao maji yakatoka.

Na sisi je? Tumempa Mungu sebule na ukumbi avitengeneze, lakini kuna chumba tumekifunga. Pengine ni pombe. Pengine ni kinyongo na ndugu wa tumbo moja. Tunaogopa kwamba akiona atatutoa nje. Nani kakwambia? Huyu anayebisha anayajua ya ndani, na bado amepanda ngazi kukufuata.

Nawe uliyemwita mwenzako roho mbaya, uliwahi kufikiri kwamba huenda ni aibu tu imemfungia?

Fungua leo, ndugu yangu. Kuna mke, kuna mume, kuna watoto, na baraka yao imesimama mlangoni kwako ikingoja kupita.