Nyundo ya Mbonea

Kaeni vizuri, na mtu asinikate kauli. Mimi mwenyewe nimewahi kuuzwa na rafiki niliyekula naye sahani moja, kwa hiyo leo msitegemee upole.

Palikuwa na mafundi watatu, banda moja, moto mmoja. Mbonea alikuwa mtu wa chuma. Jembe, panga, bawaba ya mlango, vyote alivifua yeye. Alijua chuma kina nguvu, ila ukikiacha kwenye unyevu kutu inakila.

Kiangi alikuwa mtu wa shaba. Alitengeneza koki na vizibo vya mabomba, akarekebisha nyaya za umeme. Shaba ikikaa majini haina haraka ya kuharibika, naye alijivunia hilo utadhani kaiumba yeye.

Nakiete, mjane mwenye watoto wanne, alikuwa mtu wa alumini. Aliyeyusha mabaki akatoa sufuria na mifuniko, vitu vyepesi vinavyopata moto upesi.

Basi barabara ikapangwa kupita pale pale bandani, na banda lilikuwa livunjwe. Kijiji kikatangaza kwamba atakayetengeneza pampu ya kisima atapewa kiwanja sokoni. Kwa Nakiete, bila kiwanja hakuna moto, na bila moto watoto hawali. Wale watatu wakaweka mikono juu ya fuawe, lile pande la chuma wanalofulia, wakaapa kwamba kiwanja kitakuwa chao wote.

Mbonea akafua mkono wa pampu. Kiangi akachonga kizibo cha shaba cha kuzuia maji yasirudi chini. Nakiete akamimina bomba la alumini, jepesi hata wanawake wawili waliliteremsha kisimani. Maji yakatoka, watu wakapiga vigelegele.

Mwenyekiti wa kijiji akauliza, "Fundi ni nani?"

"Ni mimi," akasema Mbonea, na kiwanja akapewa yeye.

Wenzake walikuwa wamesimama hapo hapo, kando yake. Jamani, inauma.

Nakiete alimfuata mwenyekiti akamweleza ukweli. Akajibiwa, "Mama, wewe si ni wa sufuria?" Akarudi nyumbani analia.

Kiangi hakulia. Alfajiri aling'oa kizibo chake, akakaa nacho nyumbani. Siku tatu kijiji hakikupata maji. Siku ya tatu mwenyekiti akamwambia Mbonea atengeneze, akashindwa, akakiri mbele za watu kwamba pampu ni ya watatu.

Lakini Kiangi akakataa kurudisha kizibo mpaka apewe haki yake. Nakiete akachukua sufuria yake ya mwisho, ile ya kupikia ugali wa wanawe, akaiyeyusha akamimina kizibo cha alumini. Maji yakarudi siku ile ile.

Sasa, desturi ya wahunzi wale ni hii: anayevunja kiapo cha fuawe hukabidhi nyundo yake kwa mmoja aliyemkosea, na nafasi yake kwenye moto pia, asifue tena. Mmoja tu. Na mwenyekiti akasema kiwanja kitaifuata nyundo.

"Tungetajwa watatu, kijiji kingesema tugawane vipande, kisha kikatunyima hata hivyo," Mbonea akajitetea. "Nilitaka nikipate kwanza, ndipo niwaite."

"Siku ngapi ulikaa bila kutuita?" akauliza Kiangi. "Bila mimi ungekuwa unafua hapo mpaka leo. Nyundo ni yangu."

"Bila wewe," Nakiete akamjibu, "watoto wangu wasingekunywa maji ya dimbwi." Akamgeukia Mbonea. "Nawe niambie kitu kimoja tu. Uliposema 'ni mimi', jina langu ulilisahau, au ulilimeza?"

Mbonea aliinama, akaiweka nyundo chini katikati yao. 

Haya, nyinyi mnaotikisa vichwa. Kiangi aliufichua uongo, lakini kwa kiu ya watu wasio na hatia. Nakiete aliwanywesha watu, lakini neno lake peke yake halikumfichua mtu. Na Mbonea huyo, kama kweli alikusudia kuwaita, mnamwacha bila moto maisha yake yote? Nyundo iko chini. Je, wewe ungempa nani?