Barua ya Wito

Kaeni, wanangu. Na kwaya nayo ikae, mmeimba vizuri, miguu imechoka. Leo nina neno moja tu: wito. Ninyi wa bweni mnalijua kwa namna mbili. Kuna wito wa kanisani, ule tunaouombea. Halafu kuna ule wa barua, unaotoka ofisini kwa mkuu wa shule, unaomfanya mzazi aache shughuli zake aje hapa kuinamisha kichwa. Mnacheka? Haya, sikilizeni.

Kulikuwa na binti mmoja wa kidato cha tatu, tena binti wa maombi. Lakini alikuwa na huzuni iliyokuwa inamla ndani kwa ndani. Wenzake wote kwenye ushirika wa wanafunzi walishajua wanakokwenda. Huyu daktari, yule mwinjilisti, yule rubani, na kila Jumapili wanasimama kushuhudia. Yeye anakaa tu. Masomo ya wastani, sauti ya kuimba hana, mbio anafika wakati wenzake wameshaoga. Akaanza kuogopa kwamba siku Mungu alipokuwa anagawa, yeye alisahauliwa. Umewahi kuogopa hivyo? Mimi nimewahi.

Likizo ilipofika akamwambia mama yake, "Mama, niombee. Sijui wito wangu."

Mama akasema, "Mwanangu, sinyamazi mpaka tuupate."

Na kweli hakunyamaza. Kila Jumatano kwenye ibada ya akina mama, ombi lake lilikuwa lilelile, mpaka wenzake wakawa wanamtajia kabla hajafungua mdomo.

Binti akarudi shuleni na mpango wake. Kila siku saa kumi jioni, wengine wakienda michezoni, yeye anaingia stoo ya nyuma ya jiko na kupiga magoti kati ya magunia ya maharage. Siku ya kwanza, hajamaliza hata kufumba macho, akasikia mlangoni, "Dada, hodi."

Katoto ka kidato cha kwanza, kameshika daftari la baiolojia. Si mnawajua? Miaka yote ya msingi kamesoma kwa Kiswahili, sasa ghafla kila kitu ni Kiingereza. Kanakariri kasichokielewa, na kila jaribio kanarudi na sifuri.

"Dada, mwalimu amesema jani linatengeneza chakula. Linapikaje na halina jiko?"

Binti akakunja uso. Lakini angefanyaje? Akasema, "Jani lenyewe ndilo jiko. Jua ndio moto. Maji yanatoka mizizini, hewa inaingia kwenye jani, vikiiva unapata sukari. Umeelewa?"

Katoto kakatoka mbio kwa furaha. Kesho yake wakaja watatu. Wiki iliyofuata, kumi na mmoja. Kengele inalia, binti hajaomba hata neno moja. Anatoka stooni anajilaumu: "Ee Mungu, nisamehe. Leo tena hawa watoto wamekula muda wako. Watulize basi, nipate kukusikia."

Sasa shule ile ilikuwa na sheria: Kiswahili ni kwenye kipindi cha Kiswahili tu. Ukikamatwa unavalishwa kibao shingoni, na binti alishakivaa mara mbili. Mara ya tatu ni kusimamishwa masomo. Siku moja mwalimu wa zamu akapita karibu na stoo, akasikia Kiswahili kinamwagika. Barua ikaandikwa, ikaenda nyumbani.

Mama akaifungua. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, imepigiwa mstari: WITO.

Wanangu, yule mama hakuendelea kusoma. Alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Akavaa kitenge chake cha Pasaka, akakamata jogoo, akapanda basi. Binti alipomwona anaingia getini na jogoo kwapani, alitamani ardhi ipasuke.

"Mkuu wa shule, Mungu akubariki," mama akasema ofisini. "Nimekuja kushukuru kwa wito wa mwanangu."

Mkuu wa shule akamtazama mama, akamtazama jogoo. "Mama, hukuisoma barua. Huu ni wito wa kosa."

"Kosa gani, baba?"

"Anafundisha kidato cha kwanza stooni. Kila siku. Tena kwa Kiswahili."

Mama akamgeukia binti yake. "Ni kweli?"

"Ni kweli, mama. Nisamehe."

"Wako wangapi?"

"Wameshafika kumi na tisa."

"Nani aliyekutuma?"

"Hakuna. Wanapiga hodi tu."

Mama akasogea mezani. Kisha akamweka yule jogoo juu ya meza ya mkuu wa shule. "Basi, baba, barua yako sikukosea kuisoma."

Binti akaangua kilio palepale. Miezi mitatu alikuwa anamwomba Mungu awaondoe wale watoto, na ndio waliokuwa jibu lake.

Sheria ni sheria. Kusimamishwa alisamehewa, ila alipewa siku tano za kufyeka nyasi. Siku ya pili kidato cha kwanza wakaja wenyewe na mafyekeo yao, wanafyeka huku wanauliza maswali. Mkuu wa shule akawaona dirishani. Jumatatu akafungua darasa lililokuwa tupu, akampa binti boksi la chaki. Jogoo? Jogoo aliliwa, msiniulize na nani.

Wanangu, na sisi ndivyo tulivyo. Tunafunga mlango ili tumsikie Mungu, kumbe yuko nje na daftari mkononi. Tunangoja tumalize shule ndipo atutumie. Nani alikuambia Mungu anasubiri cheti? Kuna kitu unakifanya hapahapa, mwenyewe unakiita usumbufu, lakini ukikifanya mtu anaondoka mbio kwa furaha. Kitazame tena hicho. Usiache kuomba, mama yule hakuacha. Ila unapoomba, mlango usiutie komeo.

Leo jioni saa kumi mtu atakuja pale ulipo, atasema, "Hodi." Mtamjibuje?

Sijasikia. Mtamjibuje?

Amina. Mwambieni hivyohivyo.