Tone la Shahidi

Wewe, ukikosea kazini na hakuna aliyekuona, utasema? Usijibu haraka.

Mwanamke mmoja wa Dodoma, Sechelela, alikuwa na kazi ya kupima harufu ya mvinyo. Si kwa pua; pua ina upendeleo. Alitia mvinyo kidogo kwenye kichupa, akakiziba, akakipasha moto mpaka harufu ipande, kisha mashine ikaivuta na kuichambua, kila harufu ikichorewa kilima chake kwenye karatasi. Lakini harufu hutoroka. Kwa hiyo kabla ya kuziba, kila kichupa kilitiwa tone la harufu ngeni, isiyopatikana katika zabibu yoyote, kwa kipimo kinachojulikana. Pale maabara waliliita shahidi. Shahidi akitoka nusu, ujue na harufu ya mvinyo imepotea nusu, nawe unamrudishia mwenye mvinyo haki yake kwenye hesabu.

Mzee Chidawali alileta chupa moja ya mvinyo wa kwanza wa shamba lake. Mnunuzi alikuwa amemwambia: harufu ikitosha nachukua mapipa yote, isipotosha wapelekee watengeneza siki.

Siku hiyo Sechelela alikuwa na vichupa arobaini na mgongo unaouma. Karatasi ya mzee ilipotoka, mahali pa shahidi palikuwa tambarare. Alikuwa amesahau kumtia. Mvinyo wa mzee ulikuwa umebaki kidogo kwenye friji, wa kutosha kupima tena. Kurudia kungekula nusu siku, na kungemlazimu kuandika "nimesahau" kwenye daftari ambalo wenzake wote husoma. Yeye, mwenye vyeti vitatu ukutani! Akaazima kilima cha shahidi wa kichupa kingine cha siku hiyo, akakiandika kwa mwandiko mzuri. Hesabu ikasema: harufu haitoshi. Akatia sahihi.

Alipokuwa akiosha vichupa, kifuniko cha kile cha mzee kilizunguka chini ya kidole chake kama kitasa kibovu. Hakikuwa kimekazwa. Harufu ilikuwapo, ila ilitoroka, na aliyepaswa kusema hivyo hakuwamo. Sechelela akakiosha, akachukua kingine.

Mzee akaja kuchukua majibu. Alisoma, akaikunja karatasi mara nne, akacheka kidogo.

"Basi pua imezeeka, mwanangu. Mke wangu alisema mvinyo unanukia mapera, nikamwona ana akili. Kumbe tumechakaa wote wawili." Akavaa kofia. "Kesho nang'oa mizabibu, nipande alizeti. Mtu ningembishia. Mashine haina ugomvi na mimi."

Alikuwa ameshafika mlangoni. Sechelela alivitazama vile vyeti, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kimemfundisha maneno aliyoyahitaji. Ilimbidi ayatafute mwenyewe, na yalitoka kwa sauti ndogo, kisha kubwa, mpaka wenzake wakageuka.

"Baba, rudi ukae. Shahidi hakuwepo. Nilisahau kumtia, nikamwandika."