Imewaka kwa Nani?

Ndugu zangu, leo nawaachia wakulima wapumzike. Kila mfano ni mkulima, kila mfano ni mbegu, na nusu yetu humu tunanunua mahindi sokoni. Leo nina ndugu wawili na mashine ya gemu. Wazee msininunie, nitawafafanulia. Vijana nanyi msianze kunong'onezana.

Ndugu hao walikulia chumba kimoja, na mashine moja ya gemu waliyoachiwa na mjomba wao. Mchezo uliokuwemo ni mmoja tu, wa ngumi. Kila mtu anashika pedi yake, yaani kile kidude chenye vitufe, kisicho na waya, mnapigana ndani ya televisheni na hakuna anayetoka damu. Mkubwa alikuwa anampiga mdogo kila siku. Mdogo akinuna, mkubwa anamwambia, "Rudi ukakue kwanza."

Mkubwa alipofika miaka ishirini na minne, macho yakaanza kufifia. Walihangaika hospitali hii na ile mpaka wakaambiwa ukweli: hayatarudi. Kijana akawa haoni kitu. Akawa mpole kupita kiasi, upole ule unaomtisha mama. Ukimwambia ale, sawa. Ukimwambia akalale, sawa.

Lakini kwenye gemu alikuwa yule yule. Kwa nini? Kwa sababu ule mchezo alikuwa ameshaukariri kwa masikio. Hatua zikisikika kushoto, adui yuko kushoto. Mtu akitaka kurusha ngumi nzito, anaguna kwanza. Kengele ikilia, raundi imeanza. Alimpiga mdogo wake akiwa haoni kama alivyompiga alipokuwa anaona. Akamwambia mama yake, "Mama, hapa ndipo mahali pekee ambapo huyu hanionei huruma."

Mmelisikia neno hilo? Nyumba nzima ilimhurumia. Pale mbele ya televisheni tu ndipo alipokuwa bado kaka.

Siku moja umeme ukakatika, uliporudi ukarudi kwa nguvu, televisheni ikaungua. Mdogo, na huyu ni kijana mwenye upendo, sitaki mumchukie, akatafuta mpaka akapata monita ya kompyuta kwenye ofisi iliyokuwa inahama. Akaibeba begani hadi nyumbani. Akachukua waya wa mashine, akauchomeka nyuma ya monita, akawasha. Picha ikatoka. Tena picha safi kuliko ile ya televisheni. Mama akapiga kigelegele, majirani wakajaa mlangoni.

Mkubwa alikuwa ameketi, pedi mkononi, kichwa kimeinama kidogo, anasubiri.

"Mmeshawasha?" akauliza.

"Imeshawaka, kaka. Picha kama maji. Si unao..."

Mdogo akatega sikio. Hakuna kengele. Hakuna hatua. Hakuna mtu anayeguna. Wasiojua niwaambie: monita nyingi za kompyuta hazina spika. Televisheni ina uso na mdomo, ile ina uso peke yake.

Kijana akakimbia kwa fundi.

"Picha inatoka?" fundi akamuuliza, bila kuinua kichwa.

"Inatoka."

"Haitetemeki?"

"Haitetemeki."

"Basi hiyo nzima. Sauti ni urembo tu, dogo. Watu wanacheza bila sauti na wanafurahi."

Ndugu zangu, hasira zangu mnazijua. Fundi huyu nimemtunga mwenyewe, na bado natamani kumfuata dukani kwake. Sauti ni urembo? Kwa nani?

Lakini mdogo alirudi na neno lile, na kibaya zaidi akaliamini. "Kaka, fundi anasema ni nzima. Sauti tutaishughulikia baadaye." Mkubwa akajibu kwa upole wake ule, "Haya. Cheza wewe. Mimi nitasikiliza vidole vyako."

Wakacheza. Siku ya kwanza mkubwa alikaa pale pale, pedi mkononi. Siku ya pili pia, anatabasamu wenzake wanapocheka, ingawa anatabasamu kwa kuchelewa kidogo. Marafiki wa mdogo wakawa wanakuja, sebule ikajaa. Siku ya tatu hakuna aliyemwona akiondoka.

Mama ndiye aliyemkuta jikoni, kwenye kigoda karibu na moto, pedi iko mapajani.

"Mwanangu, unafanya nini huku kwenye moshi? Wenzio wako kule wanacheza."

"Huku kuna sauti, mama," akasema. "Hata sufuria inaongea."

Mama akageuka. Akaenda sebuleni, akafungua kanga kiunoni, akaifunika ile monita yote, juu mpaka chini.

"Sasa cheza," akamwambia mdogo.

"Mama, mbona sioni kitu?"

"Ehe," mama akasema, akakaa.

Marafiki wakaaga mmoja mmoja. Mdogo akabaki mbele ya kanga na pedi yake, anabonyeza kitufe, haoni, hasikii, hajui amepiga au amepigwa. Dakika nzima. Jaribuni kesho nyumbani kwenu, muone dakika moja ilivyo ndefu.

Kisha akainuka. Kanga hakuitoa. Akaigeuza monita kisogo na kuanza kuipapasa kwa vidole, kama kaka yake anavyopapasa ukuta. Akagusa kitundu kidogo cha duara. Tangu siku ya kwanza kilikuwepo, lakini nani angekiona? Wote walikaa upande wa picha. Akaenda kuleta spika mbili kuukuu za kompyuta zilizokuwa zinakaliwa na vumbi juu ya kabati, akaziwasha, akachomeka waya wake pale. Moja akaiweka kushoto, moja kulia.

Kengele ikalia. Umati ukapiga kelele. Mtu akaguna.

Na hili lilinitoa machozi nilipokuwa nautunga mfano huu, nawaambia bila aibu. Ile sauti haikuja siku hiyo. Siku zote tatu ilikuwa inasafiri ndani ya waya ule ule wa picha, inafika mpaka nyuma ya monita, inasimama pale kwenye kitundu, inangoja mtu aifungulie.

Jikoni kukasikika kigoda kikisukumwa. "Nani huyo anayepigana ovyo hivyo?" mkubwa akauliza. "Amesimama kama kuku wa kuchinjwa. Subirini."

Akaja anagusa ukuta, akakaa mahali pake. Mdogo akanyoosha mkono aitoe kanga. Mama akamtikisia kichwa: iache. Wakapigana kanga ikiwa imetanda. Mdogo hakumaliza hata raundi ya kwanza.

"Rudi ukakue kwanza," kaka yake akamwambia. Mama akaenda kupakua chakula, maana macho yake yeye ndiyo yaliyokuwa hayaoni vizuri sasa.

Mmecheka. Vizuri. Sasa geukeni mtazame ukuta huu wa kushoto.

Skrini ile tuliinunua sisi, kwa sadaka zetu. Maneno ya nyimbo yanatokea makubwa, meupe, na siku ya kwanza tulipiga makofi. Imewaka! Kabla yake, Mwalimu Ambakisye alikuwa anatutajia mstari, nasi tunauimba; anataja mwingine, tunaimba. Nani aliyekomesha jambo hilo? Msitafutane. Ni mimi. Nilisimama hapa hapa, kwa ukali wangu, nikasema kutaja mistari kunatupotezea muda, maneno si yapo ukutani, kila mtu anayaona.

Kila mtu?

Bibi Tusekile, ambaye ameniruhusu nimtaje, alikuwa anakaa benchi la pili miaka yote. Hakuwahi kusoma shule. Mwezi uliopita nilimkuta kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango. Nikamuuliza, "Bibi, mbona umehamia huku?" Akasema, "Huku nawasikia watoto wakicheza nje, mchungaji." Nikaenda zangu. Nilifika nyumbani, nikavua viatu, ndipo nikaelewa nimeambiwa nini.

Hakunilaumu. Wenye upole kama huo hawalaumu, wanahamisha kigoda tu. Na sisi tunaendelea kuimba, tunasema ibada ilikuwa nzuri, picha ilikuwa safi.

Sisemi tuizime skrini. Yule kijana hakuitupa monita. Aliigeuza, akatafuta kilichokosekana. Sisi tumeambiwa tupendane, na tunapendana, lakini tunapima upendo wetu kwa macho yetu wenyewe. Tukiona imewaka kwetu, tunasema imewaka. Anayejua kama imewaka ni yule aliyeshika pedi na kungoja.

Basi sitamaliza kwa maneno yangu. Bibi, benchi la pili liko wazi, nimekulindia tangu asubuhi asikae mtu. Kijana uliye karibu naye, mpe mkono. Na wewe Mwalimu Ambakisye, taja mstari wa kwanza, polepole kama zamani. Asianze mtu yeyote kuimba kabla haujatajwa, na mimi nikiwemo.